Kilo 5.3: kisa cha injini ya petroli kwenye ndege ya rimoti, Uyole

Mizani ya viazi, tuliyopimia mvuto wa injini, ilisoma kilo 5.3. Ndege yenyewe, ikiwa na nusu tenki, ina kilo 5.4.

Anayerusha ndege za kawaida za rimoti hatashtuka akisikia hivyo, kwa kuwa bawa ndilo linalobeba uzito na injini inavuta tu. Ila hii ni ndege ya sarakasi. Inatakiwa isimame wima, pua ikitazama mawinguni, ininging'inie kwenye propela kama taa ya dari, na mrushaji akiongeza throto ipande kutoka hapo hapo ilipo. Injini inayovuta gramu mia pungufu ya uzito wa ndege haiwezi. Ndege itarudi chini kwa mkia, polepole, huku mwenyewe akiitazama.

Mwenyewe ni shemeji yangu. Mimi natengeneza redio na kompyuta pale Mwanjelwa, Mbeya; niliitwa kwa ajili ya nyaya, nikabaki kwa ajili ya ubishi. Tulianza Juni, wakati wa baridi ile ya Uyole inayofanya petroli isitake kuwaka asubuhi, tukamaliza Septemba upepo ukiwa umeshachachamaa. Nakiandika kisa chote kwa sababu tulikosea sehemu mbili ambazo naamini wengine nao watakosea, hasa walio nyanda za juu kama sisi.

Ndege ni mfano wa Extra 300, ile ya Kijerumani aliyoibuni Walter Extra, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1988. Hii yetu ina bawa la mita 1.85 toka ncha hadi ncha, imejengwa kwa balsa na plaiwudi. Shemeji aliinunua imetumika, kwa mgeni aliyekuwa anafunga mizigo baada ya mkataba wake kuisha. Ilikuja na injini ya methanoli, ambayo haina umeme wa kuwashia. Plagi yake ina kiwaya kinachobaki chekundu muda wote injini ikizunguka. Ni injini nyepesi na haina makuu, shida ni chakula chake: methanoli, oili ya mbarika na nitromethani, vyote vimechanganywa kwa vipimo. Pale Uyole utampelekea nani orodha hiyo? Petroli ipo kila kituo, kuanzia Igawilo mpaka Kabwe. Ndipo shemeji akaagiza injini ya petroli ya cc 30, ya Kichina, ikaja na kabureta ya Walbro, plagi ndogo ya NGK CM-6, sidiai yake (kiboksi kinachotengeneza cheche ya plagi), na karatasi ya maelekezo yenye kurasa nne.

Kuhusu kuifunga nitasema machache, kwa kuwa kazi hiyo haikutusumbua sana. Ukuta wa injini, ile plaiwudi ya mbele ambayo injini inafungwa kwake, tuliukuta umeshikiliwa na gundi peke yake. Kwa injini ya methanoli ungetosha. Injini ya petroli yenye pistoni moja inatikisa kama mashine ya kusaga, hivyo tuliongeza plaiwudi ya milimita 6 kwa nyuma, tukaweka vipande vya pembetatu kwenye kona zote za ndani, tukamwaga epoksi, halafu tukapaka epoksi nyepesi sehemu yote ya mbele ili petroli isinywewe na mbao. Injini tuliielekeza kulia kwa nyuzi mbili, maana propela ikivuta ndege huwa inataka kukimbilia kushoto. Mipira ya mafuta ya zamani tuliitoa yote. Ilikuwa ya silikoni, na silikoni ikikaa kwenye petroli inavimba na kulainika kama ugali uliozidi maji. Tukaweka ile ya njano ya petroli, na kizibo cha tenki tukabadilisha.

Upande wangu ulikuwa umeme. Sidiai na betri yake vilikaa mbele, risiva nyuma ya bawa, na kati yao kuna zaidi ya sentimita 30. Rimoti za siku hizi za gigahezi 2.4 hazisumbuliwi sana na cheche, lakini nimeshatengeneza redio nyingi za magari kiasi cha kutoamini cheche yoyote. Fimbo ya throto tuliweka ya nailoni, siyo waya, ili kelele za umeme zisipite kwenye chuma mpaka kwenye sevo, kile kimota kinachoisogeza. Swichi ya kuzima sidiai kutoka kwenye rimoti tuliiweka bila kujadili hata dakika moja. Propela ya inchi 18 ikizunguka mara elfu saba kwa dakika ni panga, na panga hilo halina mpini. Vibali vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, shemeji alikuwa ameshavishughulikia. Bila hivyo nisingekanyaga uwanjani.

Petroli tulichanganya na oili ya tu-tii, lita 3 kwa mililita 100. Propela ilikuwa ya mbao, inchi 18 kwa 8. Ndege tukaifunga mkia kwa kamba, kamba kwenye mizani, mizani kwenye mti. Shemeji akavaa glovu ya ngozi, akapiga propela mara tano choki ikiwa imefungwa, ikakohoa, akafungua choki, mara mbili tena, ikawaka. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Dakika kumi baadaye, throto ikiwa mwisho, kipima mizunguko kilisema 6,600 na mizani ikasema kilo 5.3. Karatasi iliahidi zaidi ya 7,000 kwa propela hiyo.

Hapo kila mtu akawa na jibu lake.

La shemeji lilikuwa fupi: hewa. Uyole ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Injini inavuta hewa kidogo, inachoma kidogo, inatoa nguvu kidogo. "Hata malori ya Zambia yanalia yakipanda Inyala," alisema, "sembuse hiki kidude." Kwa jibu lake dawa ilikuwa moja tu, kununua injini kubwa zaidi, na nadhani moyoni alikuwa ameshaichagua.

Kijana wa bodaboda anayemtengenezea shemeji pikipiki alifungua plagi, akaigeuzageuza, akatuonyesha: nyeusi tii, imelowa. "Kaka, moto ni mdogo. Sidiai hii." Kwenye pikipiki zake angekuwa sahihi mara nyingi. Tulibadilisha plagi, tukapima mwanya wake, nusu milimita, tukatazama cheche gizani chini ya koti. Ilikuwa ya bluu, inapiga kwa sauti. Nikapima betri ya sidiai injini ikiwa inanguruma, volti 6.1, haiyumbi. Hiyo ilikuwa Jumamosi nzima, na Jumapili yake tukarudia yale yale kwa utaratibu tofauti, kama watu waliopoteza ufunguo wanaoangalia mfuko uleule mara ya nne.

Jibu la shemeji lilinisumbua zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Hewa ya Uyole ni nyepesi, nani atabisha? Usiku mmoja nikakaa na kalamu. Injini ikipata hewa asilimia 80, nguvu yake ya kuzungusha inashuka kufikia kama asilimia 80. Lakini propela nayo inakata hewa ileile! Hewa nyepesi inazuia propela kidogo, kwa kiasi kilekile. Mzungushaji amedhoofika kwa sehemu ya tano, na mzigo wake nao umepungua kwa sehemu ya tano. Basi mizunguko ilitakiwa ibaki karibu palepale, 7,000 na kitu, pwani au Uyole. Kinachopungua ni mvuto, kwa kuwa propela inasukuma hewa yenye uzito mdogo.

Kwa hiyo hewa nyepesi ingeweza kueleza mizani. Kushuka kwa mizunguko haikueleza. Na sisi tulikuwa tumelipokea jibu moja kwa maswali mawili, kwa vile lilisikika la kisomi na kila aliyepanda mlima kwa miguu analihisi kifuani. Ukitaja sababu ya kweli mahali pasipo pake, watu wanaacha kutafuta. Bora hata ya uongo, hiyo itabishiwa.

Nilimwambia shemeji kesho yake. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimelala.

Aliyetutoa pale alitoka Mafinga. Ni mzee mmoja, Mhehe, aliyekaa miaka mingi akitengeneza misumeno ya chensoo kwa wavuna mbao wa Sao Hill. Kama hujafika Mufindi, jua kwamba ile misitu ya misonobari na mikaratusi ndiyo shamba kubwa la miti nchini, na panapokatwa miti kiasi hicho fundi chensoo ni mtu mwenye heshima zake. Alikuja Uyole kumwona binti yake aliyejifungua. Shemeji alimkuta kwa jirani, wakaongea, na kitu kimoja tu ndicho kilichomnyanyua mzee kwenye kiti, pale aliposikia kabureta ni Walbro.

"Kamwene," alitusalimu, akachuchumaa mbele ya ndege wala hakuangalia bawa. "Kumbe ni chensoo imevaa nguo."

Aliomba iwashwe. Hakutaka kipima mizunguko, hakutaka mizani. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akasikiliza throto ikipelekwa mwisho. Baada ya sekunde kama kumi akatikisa kichwa. "Imeshiba. Sikia inavyobwabwaja. Mnailisha chakula cha mtu mzima, hewa ya mtoto."

Nilipata aibu, kwa maana sauti ile tulikuwa tumeisikia wikiendi mbili. Ilikuwa kama injini inaruka mipigo, sauti nzito isiyonyooka, na sisi tukaiita ukubwa wa injini.

Nieleze kilichokuwa kinatokea, kwa kuwa ndicho kiini cha nusu ya kwanza ya kisa. Kabureta ya pikipiki ina bakuli lenye floti ndani yake. Ndege inayopinduka haiwezi kuwa na bakuli, wala msumeno unaolazwa ubavu hauwezi, hivyo vyote viwili vinatumia kabureta ya viwambo. Kiwambo kimoja ni pampu, kinachezeshwa na mapigo ya mgandamizo kutoka kwenye krankesi. Cha pili ndicho mpimaji: upande mmoja kinahisi mnyonyo wa koo la kabureta, upande wa pili kinahisi hewa ya nje kupitia kitundu kidogo kwenye kifuniko. Kishike kitundu hicho kichwani, tutakirudia. Kabureta hii haijui kupima uzito wa hewa inayopita. Hewa ikipungua uzito kwa sehemu ya tano, mafuta yanayonyonywa yanapungua kwa kama sehemu ya kumi tu. Mchanganyiko unakuwa mzito, moto unachoma nusunusu, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Ushahidi ule alioushika kijana wa bodaboda ulikuwa sahihi kabisa, ila aliusoma kwa macho ya sidiai. Na hewa ya shemeji ilikuwa na hatia kweli, lakini ilipitia kwenye kabureta, na kabureta ina skrubu mbili za kupunguza na kuongeza mafuta.

Mzee alianza na ile ya chini, inayolisha sailensa, yaani injini ikinguruma taratibu bila throto, na mwanzo wa throto, akaifunga kidogo hadi injini ikawa inapokea bila kusita ukisukuma throto ghafla. Kisha ya juu. Throto mwisho, anafunga kwa upana wa unene wa kucha, anasubiri, anafunga tena. Sauti ikaanza kunyooka. Bwabwaja ikaisha, ikaja mlio mmoja mkali, kipima mizunguko changu kikaonyesha 7,400. Hapo nilitaka kushangilia. Mzee akairudisha nyuma, akaifungulia tena mafuta mpaka 7,150.

"Mbona umeirudisha, mzee?" shemeji akauliza.

"Mwanangu, pale juu kabisa ndipo inapojiua. Oili yako imo ndani ya mafuta. Ukinyima mafuta umenyima oili."

Mizani ikasoma 6.2. Plagi, baada ya kukimbizwa na kuzimwa ghafla ikiwa mbio, ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Baadaye shemeji alifunga propela ya inchi 19 kwa 8. Mizunguko ikashuka hadi 6,750 lakini mvuto ukapanda kufika 6.6. Propela pana inayozunguka polepole inashika hewa nyingi zaidi kwa nguvu ileile, na kwa hewa yetu kila kiganja cha hewa kina thamani. Injini kubwa haikununuliwa. Dada yangu, mke wa shemeji, ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Ningependa kisa kiishie hapo, na mzee alidhani kimeisha, akapanda basi kurudi Mafinga.

Jumamosi iliyofuata ndege iliruka. Iliinuka baada ya hatua kama ishirini, ikageuka, shemeji akaining'iniza kwa propela mbele yetu kwa muda wa kusema bismillah, ikapanda yenyewe. Alifurahi mpaka akasahau kupumua. Kisha akaipeleka juu sana, akaielekeza chini, aje apite mbele yetu kwa mbio. Katikati ya mteremko sauti ikabadilika. Bwabwaja ile ile. Alipoinyoosha ikakohoa mara tatu, ikazima. Aliitua bila injini kwenye shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, gurudumu moja likapinda, mengine yote salama. Tuseme pia kwamba ndege kwenye hewa nyepesi inatua kwa mbio zaidi, kama sehemu moja ya kumi zaidi ya pwani, kwa hiyo matuta ya viazi yalionekana yakija haraka kuliko ilivyo haki.

Tukaifunga tena kwenye mti. Ikanguruma vizuri bila kasoro: 6,750, kilo 6.6. Tukaielekeza pua juu, vizuri. Pua chini, vizuri. Tukaigeuza tumbo juu, watu wawili wameshika bawa, vizuri. Ikarushwa. Ikazima tena, palepale kwenye mbio.

Sasa shemeji alitaka kukaza skrubu ya juu zaidi, maana sauti ilisema imeshiba. Nilimzuia, na kwa hilo najipongeza. Injini ambayo ardhini ipo sawa na angani imeshiba, ukiikaza kwa ajili ya angani, ardhini utakuwa umeinyima. Cha kuuliza kilikuwa kitu gani kipo angani na hakipo kwenye mti. Kamba haipo, lakini kamba haishibishi mtu. Mtikisiko upo kote kuwili. Kimebaki upepo. Kwenye mti, hewa inayoingia kwenye boneti ni ile tu inayosukumwa na propela. Kwenye mteremko ule ndege inakwenda mbio za basi la Dar, na upepo wote unaingia kwenye matundu mawili ya boneti.

Dukani nina blowa ya kupulizia vumbi kompyuta. Nikaenda kuichukua.

Injini ikiwa nusu throto, nikapuliza kwenye tundu la kushoto la boneti: hakuna kitu. Nikapuliza la kulia: injini ikainama papo hapo, ikabwabwaja, nikiondoa inafufuka. Nilirudia mara sita, kwa raha zangu. Tukavua boneti, nikaweka mrija mwembamba kwenye mdomo wa blowa, shemeji akashika mkia, nikawa natembeza pumzi ile sehemu moja moja. Kwenye silinda, hakuna. Kwenye mdomo wa kabureta, ilibadilika kidogo tu. Nilipofika kwenye kifuniko cha pembeni ya kabureta, kwenye kile kitundu nilichosema tukishike kichwani, ilizima kabisa.

Kitundu kile ndicho kinachokiambia kiwambo hewa ya nje ikoje. Upepo ukikipiga moja kwa moja, kiwambo kinasukumwa kana kwamba koo la kabureta linanyonya kwa nguvu, sindano inafunguka, mafuta yanamwagika. Kabureta imedanganywa na upepo kwamba injini ina njaa. Kwenye msumeno tatizo hili halipo kwa sababu hakuna anayekata mti akiwa mbioni, ndiyo maana mzee wa Mafinga hakulitaja. Wala halikuwa kosa la aliyejenga ndege. Injini ya methanoli aliyokuwa nayo haikuwa na kiwambo cha aina hiyo. Ni sisi tuliofunga injini mpya ndani ya boneti ya zamani, kifuniko kikaangukia sawasawa nyuma ya tundu la hewa.

Dawa ni kukipa kitundu mahali penye utulivu pa kupumulia. Nilichukua erio ya redio mbovu, ile ya kuvuta, nikakata kipande cha kijibomba chembamba kabisa cha ncha, sentimita mbili. Kifuniko cha kabureta kinashikwa na skrubu moja. Nilikitoa, nikahakikisha hakuna mpira wala kiwambo karibu na moto, nikakwangua, nikalehemu kijibomba juu ya kitundu. Kwenye kijibomba nikavisha mpira wa mafuta, nikaupitisha kwenye ukuta wa injini hadi ndani ya tumbo la ndege, ambako hakuna upepo. Mwisho wake nikaacha wazi na kuufunga pamba nyepesi, vumbi lisiingie. Gharama yake ilikuwa erio ambayo mwenyewe hakurudi kuifuata tangu mwaka juzi. Blowa ikapuliza kila tundu, injini haikujali. Ndege ikashuka kwa mbio mara nane siku hiyo, ikapita mbele yetu ikilia mlio mmoja ulionyooka.

Vipimo vyetu vya kwenye mti havikuwa na uongo wowote, na hilo ndilo lililotuchelewesha. Vilipima ndege iliyofungwa mti.

Limebaki la Usangu. Agosti mwishoni, mpunga ukiwa umevunwa, jamaa wa shemeji walimwalika Igurusi, huko huko Usangu. Mashamba makavu, tambarare, hakuna nyaya za umeme, upepo wa kiasi. Kutoka Uyole unateremka Inyala na kuendelea kuteremka, mwisho unajikuta kama mita 1,100. Mita 700 chini. Mimi sikwenda, nilikuwa na kazi. Saa nane mchana simu ikaita.

"Shem, leo ina nguvu ajabu! Ila ikipanda wima muda mrefu inafifia, halafu ikitua inanukia moto."

Nilimwambia asiiwashe tena, nikampigia mzee Mafinga. Hakuniruhusu kumaliza sentensi. "Mmeshuka bondeni na skrubu za mlimani? Mwambie afungue ya juu, robo ya robo, aisikilize." Hewa ya Igurusi ni nzito zaidi, basi mchanganyiko uliokuwa sawa Uyole kule ulikuwa mkavu, yaani mafuta machache kwa hewa iliyopo, na injini kavu inatoa nguvu tamu dakika za mwanzo, kisha pistoni inavimba kwa joto na kuanza kung'ang'ania silinda. Shemeji alifungua kama moja ya nane ya mzunguko kabla hajaridhika na sauti. Jioni aliporudi tulifungua ekzozi tukachungulia pistoni kwa tochi ya simu. Kulikuwa na michirizi miwili myembamba upande wa kutolea moshi, haishiki kucha. Tulimshukuru Mungu, tukafunga.

Ndani ya boneti sasa kuna maandishi ya kalamu ya wino mzito: Uyole, skrubu ya juu mzunguko mmoja na robo, Igurusi, mzunguko mmoja na robo na moja ya nane. Yanakumbusha pa kuanzia tu, maana asubuhi ya baridi na mchana wa jua navyo vinataka sikio.

Ambacho hatujakimaliza ni bolti za ekzozi. Kila baada ya miruko mitano zinalegea. Gundi ya kushikia nyuzi haidumu, joto la pale linaipika. Waya wa kufungia vichwa vya bolti tumejaribu, ukakatika kwa mtikisiko. Mzee anasema kwenye chensoo wanatumia washa zenye meno, mbili zinazotazamana, na ameahidi kutuma pakiti kwa basi la asubuhi.